Nilivyomleta Kaspar Kunyolewa

Pale Shanwe, mtaani kwangu Mpanda, watu walipoona cherehani yangu imefunikwa gunia na mlango umepigwa kufuli, maneno yakaanza. Mmoja akasema nimeolewa tena Sumbawanga. Mwingine akasema nimekimbia na vitambaa vya watu. Jamani! Kitambaa cha mtu sijawahi kula. Nilikuwa nimekwenda Tunduma kumchukua mdogo wangu Kaspar, aje kwetu Kasansa anyolewe, ili mama yetu avue nguo nyeusi. Kaspar mwenyewe ameniruhusu nisimulie. Tena amesema nisimfiche wala nisimpake rangi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Kwanza mjue sababu. Katika ukoo wetu mtu akifa, wafiwa hawagusi nywele mpaka siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo mjane ananyolewa wa kwanza, wanafuata watoto wake kwa jinsi walivyozaliwa, na wembe ni mmoja kwa wote. Wembe mmoja maana yake nyie mmetoka tumbo moja. Mtoto akiukwepa, watu wanahesabu kwamba amejitoa. Sasa baba yetu alipofariki, Kaspar hakuja kuzika. Baba mdogo Nestory, mdogo wake marehemu, akataka tunyolewe mimi na mdogo wetu Yusta, mambo yaishe. Mama akakataa. Akasema yeye alizaa watatu, hawezi kunyolewa na wawili.

Basi mama akabaki hivyo hivyo. Mpunga ukapandwa ukavunwa, ukapandwa tena, yeye yuko ndani ya nguo nyeusi iliyopauka mpaka ikawa rangi ya majivu. Mjane ambaye hajanyolewa kwetu havuki ua wake kumpokea mgeni, haendi mnadani, na kanisani anakaa nyuma wala haimbi. Na mama yangu, kwa anayemfahamu, ni sauti ya kwanza ya kwaya ya kigango chetu. Kumnyamazisha yule ni kazi kubwa kuliko kumnyamazisha jogoo. Nilikuwa nikienda Kasansa Jumapili, nikimwona amekaa benchi la mwisho midomo imefumba, nalia peke yangu.

Nilimpigia Kaspar simu sijui mara ngapi. Jibu lake lilikuwa moja.

"Dada, siwezi kulala nje ya Tunduma."

"Umefungwa kamba?"

"Siwezi tu, dada. Nisamehe."

Anakata. Tulijua Kaspar aliharibikiwa na unga tangu alipokuwa utingo wa malori yanayovuka mpaka kwenda Zambia. Hilo halikuwa siri, hata watoto wa Kasansa walilisema. Mimi nikasema hapana, simu hazitoshi, huyu nakwenda kumshika mkono.

Asubuhi ya kuondoka Mpanda nilifungasha samaki wakavu wa migebuka, mchele kidogo, na kisanduku changu cha bati ninachowekea mkasi, sindano na nyuzi. Huwa siendi popote bila hicho, mikono yangu haijui kukaa bure. Bi Mwajuma, jirani yangu mwenye duka la nyuzi na vifungo, alinisindikiza mpaka stendi akiwa na kikombe chake cha chai mkononi.

"Nenda shoga yangu," akasema. "Wateja wako nitawatuliza mimi. Wewe mlete tu mtoto wa watu, usianze kumtukana kabla hujamsalimia."

Ananijua huyo mama. Domo langu halina breki.

Tulipofika Sitalike basi lilisimama abiria wanunue mahindi ya kuchoma. Chini ya daraja viboko walikuwa wamejazana kwenye tope, wanapumua kwa nguvu, mmoja anampanda mwenzake mgongoni bila haya. Mzungu mmoja alikuwa anawapiga picha. Mimi nilikuwa nafukuza ndorobo waliokwisha kuingia dirishani, maana wadudu hawa hawaulizi kama wewe ni mtalii au ni fundi cherehani. Mbugani nilipitiwa na usingizi, nikaamshwa na kondakta akiita Kibaoni. Nikashuka nikachukua bodaboda mpaka Kasansa, nikalale kwa mama kabla ya kuendelea.

Kasansa nilimkuta mama anapeta mchele uani. Nywele zake zilikuwa zimekuwa ndefu, nyeupe mbele na nyeusi nyuma, amezifunga na kipande cha kitambaa. Alinipokea hapo hapo kwenye ukingo wa ua, vidole vya miguu vimegusa mstari wa mawe, havivuki.

"Unakwenda kweli?" akaniuliza.

"Nakwenda, mama."

"Akikataa usimlazimishe. Mwambie tu mama yake yuko. Bado nipo hapa namngoja."

Usiku ule nilimtengenezea mshono wa gauni lililochanika kwapani. Hakusema neno jingine juu ya Kaspar, ila asubuhi alinipa kifuko cha karanga alizozikaanga mwenyewe. Alipokuwa mdogo, Kaspar alikuwa anaiba karanga zikiwa bado za moto.

Sumbawanga nilifika nikatetemeka kwa baridi, nikajuta kwa nini sikubeba sweta. Nikalala kwa rafiki wa zamani, kesho yake nikapanda gari la Tunduma. Kuanzia Laela nilikuwa naandaa maneno. Nilipanga nitakavyomwambia: hujazika baba, umemtesa mama, wewe ni mtu wa aina gani? Nilikuwa na matusi yangu yamepangwa vizuri kabisa, moja juu ya jingine, yananisubiri mdomoni.

Tunduma jioni ni malori tu. Yamepangana kutoka mpakani mpaka huwezi kuona la mwisho, madereva wamekaa chini ya matrela wanapika chai, wanawake wanauza ndizi, watu wanabadilisha fedha, honi, vumbi. Nilikuwa nimemwambia kwa simu gari nililopanda. Nikashuka nikasimama na mizigo yangu kama mtu aliyepotea. Nikasikia nyuma yangu, "Dada Skola."

Nikageuka. Alikuwa amekonda, meno ya mbele mawili hayapo, lakini shati lake lilikuwa safi na limepigwa pasi. Lilikuwa limepigwa pasi, nawaambia, mikunjo imenyooka! Akachukua mzigo wangu kama alivyokuwa akinipokea kuni tukiwa watoto. Matusi yangu yote yakanipotea. Nikaanza kulia katikati ya barabara mpaka dereva mmoja akatupigia honi.

"Mama amekuletea karanga," ndilo neno lililonitoka.

Chumbani kwake kulikuwa na mkeka, jiko la mkaa, na vikombe viwili. Anaziba pancha za malori, ndiyo kazi yake sasa. Tulipika ugali na migebuka, tukala kwenye sahani moja. Nilikuwa nataka kuuliza na sijui nianzie wapi. Yeye ndiye alianza, akitazama karanga.

"Dada, mimi unga nimeacha. Lakini sijaacha kwa nguvu zangu. Kuna dawa nakunywa hospitali kila asubuhi, dirishani, nesi akiniangalia. Inaitwa methadoni. Nikiikosa siku mbili arosto inanikamata, mifupa inauma, natapika, na nikifika hapo najua nitatafuta nini. Ndiyo maana siwezi kulala nje."

"Na siku baba anafariki?"

"Nilikuwa nimeanza juzi tu. Nilikaa stendi na begi langu asubuhi nzima. Basi likajaa, likaondoka. Nikachagua dirisha, dada. Nilijua nikipanda lile basi mtazika wawili, kama si siku ile basi baadaye." Akachukua karanga moja, akaigeuza vidoleni. "Na kuna jingine. Nina virusi."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani mafua.

"Vya UKIMWI," akasema. "Ni kwenye bomba. Zile sindano tulikuwa tunachangia. Nazo dawa nakunywa, jioni. Wamepima wameona vimefubaa, havionekani hata kwenye kipimo. Sijalala kitandani kwa ugonjwa hata siku moja."

Mimi ni fundi. Sindano nimeishika maisha yangu yote, imenichoma vidole mara nyingi kuliko nywele za kichwani. Lakini usiku ule nilikitazama kile kisanduku changu cha bati nikakisukuma mbali na mguu. Kaspar aliona. Akacheka kidogo, akakirudisha.

"Hiyo haina kosa, dada. Hiyo ni ya kushonea."

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Twende ukanione." Hospitali tulikuta foleni imeshaanza kwenye lile dirisha, vijana wengi, wanawake wachache, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Niliogopa kidogo, nisiwafiche. Nikashika pochi yangu kwa nguvu. Halafu yule mama mwenye mtoto akanisogezea nafasi kwenye benchi, "Karibu mama, kaa," nikaona haya, nikaiweka pochi chini.

Zamu ya Kaspar ikafika. Nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, akamwita jina, akamwangalia usoni, akampa kikombe kidogo. Kaspar akanywa mara moja, akanywa na maji. Pale kuna utaratibu: ukishakunywa lazima useme neno, nesi ahakikishe umemeza kweli, hujaficha shavuni ukauze nje. Kaspar akaniambia baadaye kwamba kila siku husema "Asante, sista," basi. Siku ile alinigeukia, akaninyooshea mkono.

"Huyu ni dada yangu," akasema.

Yule nesi akaacha kuandika. "Heee! Kumbe ndugu unao?" Akatoka kule ndani akaja kunishika mikono yote miwili. "Mama, huyu kijana ametulia muda mrefu. Tumemwambia anaweza kupewa dawa za kubeba akasafiri siku chache, lakini lazima tuone ndugu mmoja wa kusimama naye na kuzitunza. Kila tukimwambia alete ndugu, anasema wako mbali."

Jamani! Kumbe kamba iliyomfunga Tunduma ilikuwa ni kukosa mmoja wetu wa kufika pale dirishani. Na sisi tulikuwa Kasansa tunanung'unika, tunangoja yeye ndiye aje.

"Ndugu nimefika," nikamwambia nesi. "Nipe maelekezo."

Akanipa, tena kwa kunirudisha nyuma kama mwanafunzi mpaka nikayasema mwenyewe. Chupa ziwe kwangu, nimpe moja kila asubuhi, nimwone akinywa. Mtoto asizione. Mtu mzima naye asionje, maana kinachomtuliza Kaspar kinaweza kumuua ambaye hajazoea. Zikae ndani ya kitu chenye kufuli. Nikatoa mkasi, sindano na nyuzi zote nikazifunga kwenye kanga. Tukanunua kufuli dogo, chupa zikaingia kwenye kisanduku changu cha bati, ufunguo nikauning'iniza shingoni pamoja na rozari.

Njiani kurudi nilikipakata kile kisanduku kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, na kesho yake kutoka Sumbawanga kushuka. Kondakta akataka kukiweka juu na mizigo mingine. Nikamwambia akikigusa tutashuka wote wawili, yeye kwanza. Kaspar alicheka mpaka pengo likaonekana. Asubuhi ile ya Sumbawanga, tulipokuwa tumelala kwa yule rafiki yangu, nilimpa chupa yake kabla hatujapanda gari, nikamkodolea macho, nikamwambia, "Sema neno."

"Dada una macho kama polisi," akasema. Nikaridhika kwamba amemeza.

Kabla ya kufika Kizi alikuwa anatazama nje. Halafu akauliza, "Baba mdogo bado ananyoa kwa wembe mmoja?"

Mungu wangu! Safari yote ile, kwenda na kurudi, sikuwahi kuwaza hilo. Nilichowaza ni kumfikisha tu.

"Bado," nikasema.

"Siwezi, dada. Hata kama vimefubaa. Virusi si kitu pekee kinachopita kwenye damu, kuna homa ya ini, kuna mengine. Wembe wa watu wengi siupokei wala siutoi. Niliapa."

Nikaanza kutafuta njia, kama kawaida yangu. Nikamwambia nitauiba ule wembe niseme umepotea. Au tuseme ana vidonda kichwani. Au awe wa mwisho, baada ya Yusta, halafu nikautupe chooni.

"Halafu Baba mdogo atakwambia wa mwisho ni kitindamimba, si mimi," akasema. "Na mama ataona nimekuja kujitoa. Hapana. Nitasema mwenyewe."

"Usiseme mbele za watu, Kaspar. Mama hajui. Utamuua."

Tuliposhuka Kibaoni aliingia dukani akanunua pakiti ya nyembe mpya, akaitia mfukoni mwa shati.

Kasansa tuliingia jua likiwa bado juu. Mama alikuwa ameshasikia pikipiki. Alisimama kwenye ukingo wa ua, vidole vimegusa yale mawe, mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Kaspar akashuka mbali kidogo, akatembea. Alipofika kwenye mawe akasimama, naye kama anaogopa kuvuka. Walitazamana tu.

"Umekonda," mama akasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia basi, unasimama nje kama mtu wa sensa?"

Akaingia. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakivuta chini mpaka begani kwake, akakaa nacho hapo. Yusta na watoto wake wakaja mbio. Mimi nikaingia kwa mlango wa nyuma nikakificha kile kisanduku juu kabisa kwenye dari, nikatumia nafasi hiyo kulia vizuri.

Asubuhi ya kunyoa mkeka ulitandikwa uani, beseni la maji, kipande cha sabuni. Walikuja majirani na jamaa wa baba. Baba mdogo Nestory alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Ni mtu mzuri, ila kwa mila ni kama msumari, ukishapigwa hautoki. Akafungua karatasi akatoa wembe, akamnyoa mama. Nywele zikaanguka mapajani mwake, nyeupe na nyeusi. Mama alifumba macho. Alipomaliza, baba mdogo akausuuza wembe kwenye beseni, akaniita, "Skolastika."

Nikasogea. Kaspar akasimama.

"Baba mdogo, naomba kusema kabla hujaendelea."

Nilimvuta shati. Akautoa mkono wangu taratibu.

"Wembe huo usipite kwa dada, wala kwangu, wala kwa Yusta," akasema. Akamgeukia mama. "Mama, kule mpakani tulikuwa vijana wanne tunaokaa pamoja. Unga tulikuwa tunajidunga kwa sindano, na sindano ilikuwa moja. Zilikuwepo nyingine, lakini ukichukua ya kwako peke yako wenzako wanakuona unawabagua. Tulikuwa tunaambiana sisi ni damu moja. Mimi nilipokea ile sindano kwa upendo, mama. Ndimo nilimopata virusi vya UKIMWI. Wenzangu wawili wameshafariki. Sasa siwezi kukaa hapa, nyie watu ninaowapenda, nikaona kitu kimoja kinapita kwenye damu ya mmoja mpaka kwa mwingine, nikanyamaza."

Akatoa ile pakiti mfukoni akaiweka kwenye mkeka.

Jirani mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Mimi nilikuwa namtazama mama tu, kichwa chake kipya kinang'aa, mdogo kama wa mtoto. Nilijua sasa anaanguka.

"Unaumwa sasa hivi?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Nina dawa."

"Ni hiyo dada yako ameifungia kwenye dari, anadhani sijui?"

"Hiyo ni ya kuacha unga. Ya virusi nameza jioni."

"Zote unakunywa?"

"Zote."

"Hujaruka?"

"Sijaruka, mama."

Mama akapumua. Akanyoosha mkono. "Nipe hizo nyembe."

Baba mdogo akakohoa. "Shemeji, pole kwa haya. Lakini tumbo moja ni wembe mmoja. Tukigawa nyembe tumegawa watoto. Baba yetu alitunyoa hivi, na..."

"Nestory," mama akasema, wala hakupandisha sauti, "hilo tumbo unalolisema ni langu. Kila mtoto atakuwa na wembe wake, na mkono utakuwa wangu kwa wote watatu. Nani ana neno?"

Baba mdogo alisimama pale na wembe wake, akauangalia. Kisha akauviringisha kwenye karatasi, akaenda kuyamwaga yale maji, akarudi na beseni lenye maji safi. Akachuchumaa karibu na mama akamshikia.

Basi mama akatunyoa. Mjane kunyoa watoto wake mwenyewe, jambo hilo Kasansa halijawahi kuonekana. Akafungua wembe mpya akaninyoa mimi. Mkono wake ulikuwa mzito na wa joto, anageuza kichwa changu kama anavyogeuza nazi. Akautupa ule kwenye kopo alilolisogeza Kaspar, akafungua mwingine.

Kwa Kaspar alikawia. Kila akikuta kovu anasimama, anauliza, "Hili la nini?" Kaspar anamjibu: nilianguka kwenye lori, nilipigwa. Nyuma ya sikio mkono ukateleza, tone la damu likatoka. Mama akapeleka kidole gumba, kama mama yeyote, na Kaspar akamdaka mkono.

"Usiguse, mama."

"Wewe! Nilikuhangaikia kutwa nzima, nikakupokea ukiwa damu tupu."

"Najua. Lakini niache nijifute."

Wakabaki hivyo, mkono wa mama ndani ya mkono wake. Kisha mama akalegeza. "Haya, jifute. Na hapo chini bado, hapo. Vizuri." Alimsubiri mpaka damu ikakata, akaendelea. Yusta alinyolewa wa mwisho, analia na kucheka, anasema kichwa chake kina umbo baya. Ni kweli kina umbo baya.

Mama alipoingia ndani na kutoka amevaa gauni la maua nililomshonea siku nyingi akakataa kulivaa, alitembea moja kwa moja mpaka kwenye yale mawe ya ukingoni, akavuka. Hakuwa anakwenda popote. Alisimama tu ng'ambo, akageuka akatutazama.

Jumapili ile aliimba. Sauti ilikuwa imeshika kutu mwanzoni, akakohoa, akaanza tena. Kaspar alikaa nami benchi la mbele, vipara viwili. Kuna waliohama benchi letu, nisiseme uongo. Lakini Baba mdogo Nestory aliyekuwa upande wa wanaume alisimama katikati ya wimbo, akaja na koti lake, akakaa pale palipobaki wazi.

Kibaoni ndipo tulipoagana. Chupa zilikuwa karibu kwisha, na Kaspar alipaswa kurudi dirishani. Gari lake la kwenda Sumbawanga lilitangulia kufika. Nikamkabidhi ufunguo na chupa za kumfikisha, tukazihamishia kwenye kopo lake tukalifunga na lile kufuli, nami nikarudisha mkasi wangu na sindano mahali pake. Alisema nesi ameahidi kwamba akiendelea hivi ataweza kuja tena wakati wa mavuno. Nilimwambia akisema tena hawezi kulala nje ya Tunduma nitamfuata na cherehani yangu.

Sasa niko Shanwe, cherehani inalia kama kawaida na wateja wangu mmenisamehe. Mkiniuliza nilijifunza nini, mimi si mhubiri. Nilidhani nakwenda kumtoa Kaspar alikofungwa, kumbe kule ndiko anakoponea, na kilichokuwa kinamtesa ni kusimama kwenye foleni ile kila siku bila mtu wa nyumbani anayejua. Sasa tunajua. Nikipata mteja mwenye mtoto aliyeingia kwenye unga, simfichi, namwambia nilichokiona dirishani.

Na mama ana kitochi chake, salio haweki, anajua kubipu tu. Kila asubuhi anambipu Kaspar. Kaspar akishatoka dirishani naye anambipu. Hapo mama huomba simu ya Yusta, akanipigia mimi nikiwa ndiyo kwanza natia uzi kwenye sindano. Hanisalimii wala haulizi habari za Mpanda.

"Amekunywa," ananiambia, anakata.